Hukumu Isomwe Nasi Tusikie

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeirithi kwa wazee wetu, na hakuna mtoto wa Pwani ambaye hakuambiwa angalau mara moja alipokaidi kutumwa dukani. Lakini wazee hawakutuachia jibu la swali moja. Je, ikiwa mkuu mwenyewe hasikiki? Ikiwa amenena, tena kwa kirefu na kwa hoja, lakini amenena kwa lugha asiyoijua msikilizaji, katika makaratasi yasiyomfikia, basi guu likivunjika lawama imwendee nani?

Mkuu ninayemkusudia hapa ni mahakama. Ibara ya 163 ya Katiba ya Kenya yasema kwamba mahakama zote nyingine zafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Maana yake ni kwamba neno la majaji wachache wanaoketi Nairobi humfunga mvuvi, mama wa nyumbani na mwalimu wa chuo sawasawa na linavyomfunga wakili aliyevaa joho. Lakini kati ya hao wote wanaofungwa, ni wangapi waliowahi kusikia hukumu moja tangu mwanzo hata mwisho?

Siku hizi imezuka njia iwezayo kupunguza dhiki hii, nayo ni podikasti. Kwa asiyeijua, podikasti ni maneno yaliyorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, mtu akayapakua katika simu yake na kuyasikiliza kwa wakati wake mwenyewe: akipika, akiwa ndani ya matatu, au akiwa kitandani usingizi umemruka. Waliokulia zama za kanda za mawaidha wataifahamu upesi. Ni kanda ile ile, ila haina utepe wa kukwama.

Huko Marekani jambo hili limekwisha kuwa la kawaida. Mahakama ya Juu ya nchi ile ilianza kurekodi mabishano ya mawakili mwezi Oktoba 1955, na tarehe 4 Mei 2020, wakati wa maradhi ya Korona, ikaanza kuyatangaza moja kwa moja kwa sauti. Wapo na wasomaji ambao huichukua hukumu nzima wakaisoma neno kwa neno, na wapo mawakili ambao huifafanua. Kwetu Kenya tumezoea kutazama kesi za uchaguzi wa rais katika televisheni tangu 2013. Lakini kutazama mawakili wakirushiana maneno ni jambo moja, na kuisikia hukumu kwa utulivu ukaielewa ni jambo jingine.

KILA MTU NA KIPANDE CHAKE

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya mirathi iliyotoka Mombasa. Marehemu alikuwa Mwislamu, na ubishi ulikuwa juu ya watoto wasiozaliwa katika ndoa ya Kiislamu: je, wana fungu katika mali ya baba yao? Mahakama ya Rufani ilikuwa imewapa haki, na Mahakama ya Juu ikaikataa rufani iliyopinga jambo hilo, ikasema kwamba kumnyima mtoto kwa sababu tu ya hali ya wazazi wake ni ubaguzi usioruhusiwa na Katiba.

Hilo si jambo dogo. Mirathi kwetu si desturi ya kubadilishwa kama kitambaa cha dirisha. Ni faradhi, na mafungu yake yametajwa katika Sura ya Nisaa. Viongozi kadhaa wa dini waliipinga hukumu ile hadharani, na wengine wakaiona kuwa ni rehema kwa watoto wasio na kosa. Wote wana haki ya kusema. Mimi simo katika kuwaamua.

Ninalolilalamikia ni namna habari yenyewe ilivyotufikia. Ilikuja vipande vipande katika simu: sauti ya dakika mbili ya mtu aliyeghadhibika, kisha sauti ya dakika moja ya mtu aliyefurahi. Baraza moja la kahawa laamini kwamba sheria ya Kiislamu ya mirathi imefutwa; baraza la pili laamini kwamba haikuguswa hata kidogo. Kila mtu ana kipande chake, na kila kipande kimekatwa na mkono usiojulikana.

Na hali swali ambalo msikilizaji alistahili kulisikia lilikuwa wazi. Ibara ya 24 ya Katiba, fungu la nne, yasema kwamba masharti ya usawa yatapunguzwa kwa kadiri tu inayohitajika ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Mahakama za Kadhi, kwa watu walio Waislamu, katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kesi ile haikuanzia kwa Kadhi. Ilianzia Mahakama Kuu. Basi majaji waliusoma vipi mpaka huo? Walisema nini juu ya Kadhi, na juu ya nani? Mtu aweza kuikubali hoja yao au kuikataa, lakini hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili kabla hajaisikia.

OSIRI NAKO

Msomaji wa Mvita au wa Lamu asidhani kwamba dhiki hii ni yetu peke yetu. Hebu tuivuke nchi nzima mpaka Osiri, huko Nyatike, katika Kaunti ya Migori, pembe ya kusini-magharibi ya Kenya, mahali pasipo mbali na Ziwa Viktoria wala na mpaka wa Tanzania. Watu wa huko huchimba dhahabu kwa nguvu za mikono. Huteremka katika mashimo membamba, hupandisha mawe kwa kamba, huyasaga na kuyaosha wakitafuta punje inayong'aa. Jirani yao ni Kaunti ya Homa Bay, na humo mna Kendu Bay, mji mdogo wa ziwani wenye misikiti na jamaa za Kiislamu tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo hukumu ya mirathi ya 2025 yabisha hodi Kendu Bay kama inavyobisha hodi Kibokoni.

Lakini Osiri ina lake zaidi. Mwenye shamba huko aweza kudhani kwamba dhahabu iliyo chini ya mihogo yake ni yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 haisemi hivyo. Yasema kwamba madini yote ni mali ya Jamhuri, nayo Serikali ya Taifa imeyashika kwa amana ya wananchi. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyomtambua mchimbaji mdogo na kumwekea kibali chake, na ndiyo iliyougawa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapotoka. Mtu asiyeyajua haya atauza haki yake kwa bei ya chai, au atapigania kisichokuwa chake mpaka damu imwagike.

Ugomvi wa ardhi ukizuka, njia yaelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na kituo chake mjini Migori. Huko hukumu huandikwa kwa Kiingereza, kisha huwekwa katika mtandao wa Kenya Law, ambamo yeyote aweza kuisoma bila malipo. Hiyo ni hisani kubwa, nasi hatuna budi kuishukuru. Lakini mtu aliyetoka shimoni magharibi, macho yamemwiva kwa vumbi, hataketi kusoma kurasa 40 za Kiingereza cha mawakili. Masikio yake, hata hivyo, yako huru, na simu iko mfukoni.

Wala tusiseme kwamba watu wa Nyanza hawana hamu ya sheria. Wakumbuke wenye umri kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wake ukataka azikwe kwao Nyalgunga. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki tarehe 15 Mei 1987, na marehemu akazikwa tarehe 23 ya mwezi huo, siku 154 baada ya kufa kwake. Kwa miezi mitano nchi nzima iliifuata kesi ile, katika magazeti, katika redio na katika vilabu. Watu walibishana juu ya ushahidi wa kila shahidi kama wanavyobishana juu ya mpira. Hamu ya kusikia iliwapo. Kinachopungua ni cha kusikiliza.

KUSIKIA NUSU KUNA HASARA

Pengine mtu atasema: inatosha kuambiwa nani ameshinda, sababu ni kazi ya wanasheria. Maneno haya yana hatari, na ushahidi wake umo katika mahakama zetu wenyewe.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la kuua kwa kukusudia ni kinyume cha Katiba. Habari ilienea magerezani kama moto wa kiangazi. Wafungwa waliohukumiwa kwa wizi wa kutumia nguvu, na wengine kwa makosa ya kunajisi, wakaomba adhabu zao zitazamwe upya, na baadhi ya mahakama za chini zikakubali. Ilipofika tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu yenyewe ililazimika kutoa maelekezo, ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kosa la kuua kwa kukusudia tu. Ilikwisha pita miaka mitatu na nusu. Ikiwa majaji na mawakili, walio na hukumu ile mezani, walihitilafiana juu ya mipaka yake, itakuwaje kwa aliyesikia kwa jirani wa jirani?

Mfano wa pili ni uchaguzi wa 2017. Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kwamba uchaguzi wa rais umefutwa. Wengine wakacheza ngoma barabarani, wengine wakavimba kwa hasira. Sababu kamili zilisomwa tarehe 20 Septemba, pamoja na hoja ndefu za majaji wawili waliopinga. Siku hiyo barabara hazikujaa. Wengi wetu tulibaki na tangazo la siku ya kwanza, la kufurahia au la kukasirikia, na zile sababu zikawaachia wachache. Lakini sababu ndizo sheria. Tangazo ni matokeo yake tu.

Sisi Waislamu tulipewa adabu ya jambo hili zamani. Sayyidna Ali alipotumwa na Mtume (S.A.W.) kwenda Yemen kuhukumu baina ya watu, alikatazwa kumpa haki msemaji wa kwanza kabla hajamsikia wa pili. Ikiwa kadhi amekatazwa kuamua kwa sikio moja, sisi wa barazani tumepata wapi ruhusa?

MATINI KWANZA, SHARHI BAADAYE

Basi je, kila podikasti ya sheria yafaa? La hasha. Hapa ndipo penye nasaha yangu, nayo naitoa katika mila yetu ya darasa.

Aliyekaa darasani msikitini ajua utaratibu. Sheikh hufungua kitabu, akasoma maneno ya mwandishi kama yalivyo; hiyo ndiyo matini. Kisha hunyanyua uso, akaeleza. Hiyo ndiyo sharhi. Mwanafunzi hachanganyi moja na nyingine. Ajua ni wapi kimekoma kitabu na ni wapi ameanza sheikh. Tena ajua sheikh huyo alisoma kwa nani. Sharhi ikiwa dhaifu, matini ibaki salama, naye aweza kwenda kwa sheikh mwingine.

Podikasti nyingi za sheria ni sharhi isiyo na matini. Mtu hushika kipaza sauti, akaanza kueleza hukumu ambayo msikilizaji hakusomewa hata sentensi yake moja. Huenda ni mwanasheria hodari na mkweli. Lakini msikilizaji hana njia ya kumpima, na asiyeweza kupima hana budi kufuata upofu.

Kuleta elimu kwa lugha ya watu si jambo geni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia watu wa Mombasa kwa Kiswahili mambo ambayo kabla ya hapo yalihitaji Kiarabu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu baadaye, tangu 1968, alitupa tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili, akaiweka aya mahali pake na maelezo yake mahali pake. Hawa walikuwa waamuzi, na wote wawili waliona kwamba kazi ya mwamuzi haikomi kwenye kuamua. Yataka na kufahamisha.

Kwa upande wa lugha wenzetu wa Tanzania wamekwisha tutangulia. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya, Ibara ya 7 ya Katiba yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kimeiweka Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani katika Kiingereza. Mshtakiwa wa jinai asiyeielewa lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila malipo. Sisi wengine, ambao hatukushtakiwa lakini tumefungwa na hukumu, mkalimani wetu ni nani?

YATAKAYOPINGWA

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba sauti haishikiki kama maandishi: huwezi kurudi aya ya 57 kwa urahisi, na msikilizaji husinzia. Ni kweli. Sauti haitaondoa maandishi, wala haikukusudiwa hivyo. Lakini aliyesikia aya ya 57 mara moja ajua kwamba ipo, na siku ya haja atamwambia wakili wake aitafute.

Pili, kwamba si kila kesi yafaa kuvumishwa. Hili nalikubali kwa mikono miwili. Mambo ya talaka, ya watoto na ya siri za nyumba hayafai kugeuzwa tumbuizo la matatu. Sheria ifundishwe, majina yasitajwe. Mwenye kutafuta umbea asiupate kwa kisingizio cha elimu.

Tatu, kwamba kutafsiri hukumu ni kazi ngumu, na neno moja likikosewa maana hupinduka. Kweli tena. Lakini kazi hiyo tayari yafanywa kila siku, na vibaya, na watu wasiojulikana, katika vipande vya dakika mbili. Hatuchagui baina ya tafsiri na kutokuwa na tafsiri. Twachagua baina ya tafsiri ya mjuzi na tafsiri ya mpita njia.

Basi yafaa nini? Yafaa idara ya mahakama, kila itoapo hukumu nzito, itoe pamoja nayo sauti ya Kiswahili isiyopita nusu saa. Ianze kwa kutaja tarehe, mahakama, na kama bado kuna njia ya rufani. Isome amri zilizotolewa kama zilivyo. Kisha ieleze sababu, na isiache hoja za jaji aliyepinga. Baada ya hapo mlango wa sharhi ufunguliwe, na kila mfafanuzi ajitaje jina na kazi yake. Chama cha mawakili kina vijana wengi wajuao Kiswahili safi. Kadhi wetu na walimu wetu wanao uwezo wa kueleza mambo ya ndoa na mirathi kwa adabu yake. Sauti iwe nyepesi, ili mwenye bando dogo aipakue na mwenye kuipata ampe mwenzake, na redio za mitaani ziruhusiwe kuirusha. Kwa watu wa Osiri na Kendu Bay iwepo na ya Kijaluo, kwani Katiba hiyo hiyo yaitaka Serikali kuzikuza lugha za wananchi.

Nasi wasikilizaji tuna wajibu wetu. Kipande kikitufikia simuni, tuulize: hii ni matini au ni sharhi? Ya nani? Ya lini? Kama mleta sauti hawezi kujibu, tusiipeleke mbele. Vidole vinavyosambaza havina tofauti na ulimi unaosambaza.

Mchimbaji wa Osiri aliye chini ya ardhi na mjane wa Mombasa anayengoja fungu lake hawajuani, wala hawataonana. Kinachowakutanisha ni neno la mahakama, linalowashika wote wawili bila kuwabagua. Basi na liwafikie wote wawili. Mkuu aseme kwa lugha yetu, nasi tusikie. Hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kutudai tusivunjike guu.